Riwaya ya vijana: binti wa miaka 16 anapotea Dar, ila simu inaimaliza hadithi sura ya tatu

Kalamu ya Tandika

Wakuu, habari za humu. Naandika riwaya ya taharuki kwa wasomaji wa miaka 13 hadi 18. Nimefika maneno 30,000 na hadithi imegoma kwenda mbele, naomba msaada wa wanaojua mambo haya kwa undani.

Kisa kwa ufupi: Zaituni ana miaka 16, yuko kidato cha tatu, anaishi Tandika na mama yake. Baba amefariki mwezi wa kumi mwaka uliopita, na baba mdogo ndiye msimamizi wa mirathi. Ijumaa moja ya mwezi wa nne Zaituni anatoka tuisheni Kariakoo saa 11 jioni, hafiki nyumbani. Anayemtafuta ni Neema, wanaokaa dawati moja. Msomaji anaaminishwa kwamba katekwa. Ukweli ni kwamba aliona karatasi za mirathi zilizoghushiwa, baba mdogo akamtishia, na shangazi yake akamficha Kigamboni kwenye nyumba ya mtu anayeishi Oman. Shangazi ndiye kaachiwa funguo, na mtaa mzima unajua nyumba ile haina mtu.

Maswali yangu:

1. Simu. Kila aliyesoma rasimu ananiuliza kwa nini wasiitafute simu tu. Nimeandika "simu ilikuwa imezimwa" na hata mimi naona ni kisingizio.

2. Polisi. Nina askari anayemwambia mama arudi baada ya saa 24. Ni sawa kwa hapa kwetu?

3. Neema atajuaje kwamba ndani ya ile nyumba kuna mtu, bila kuchungulia dirishani wala kumsikia akikohoa?

4. Nina tukio la kandambili ya Zaituni kuokotwa ufukweni Kigamboni Jumapili asubuhi, imekaa kwenye mchanga mbele kabisa karibu na maji. Lina nguvu, sitaki kulitoa.

5. Kwamba alijificha mwenyewe, nilifichue sura ya mwisho au mapema?

Nataka vitu vinavyoweza kutokea kweli hapa Dar. Vijana wa sasa wanajua simu kuliko sisi, wakikuta uongo wanafunga kitabu.

---

Laini Mbili

Dada, usiifukuze simu kwenye hadithi. Iache ifanye kazi yake ya kawaida, utaona inakupa ploti bure.

Anza na umri. Zaituni ana miaka 16, hana namba ya NIDA, kwa hiyo laini yake imesajiliwa kwa alama za vidole za mzazi. Kisheria mwenye namba ni mama. Maana yake mama anaweza kwenda dukani kwa mtandao husika, akaweka kidole, akarudishiwa namba ya bintiye kwenye laini mpya. Mama yeyote aliyechanganyikiwa, akishauriwa na kijana mmoja wa mtaani, atafanya hivyo Jumamosi asubuhi. Na hapo ndipo mambo yanapoharibika kwa namna nzuri kwako.

Laini mpya ikishawashwa, ile ya zamani inakufa palepale. Zaituni akiwasha simu usiku ili ampigie mama, anakuta hana mtandao. Mama kwa mkono wake mwenyewe amekata njia pekee ya bintiye kumfikia, na hajui. Usimwambie msomaji mapema. Mwonyeshe tu mama akitoka dukani na laini mpya kwenye kikadi chake, ana matumaini.

Halafu WhatsApp. Mama, au Neema kwa niaba yake, anaweka ile laini kwenye simu nyingine na kusajili WhatsApp. Inakuja namba ya uhakiki ya tarakimu 6, anaingiza. Mambo matatu yatatokea, yaandike kwa usahihi:

Mazungumzo ya zamani hayatakuja, isipokuwa yalihifadhiwa kwenye akaunti ya Google ya Zaituni na wanajua nywila yake. Usimpe Neema historia nzima ya ujumbe kwa dakika moja.

Makundi yatabaki. Ataona Zaituni yumo kwenye makundi gani, hata lile ambalo hakuwahi kumwambia rafiki yake.

La tatu ndilo lenye utamu. Ujumbe wote aliotumiwa Zaituni akiwa amezima simu ulikuwa na tiki moja. Namba ikisajiliwa upya na simu ya mtumaji ikiwa hewani, ule ujumbe unatumwa tena na kufika kwenye simu mpya. Neema anaupokea. Wakati huohuo, kila aliyetuma anaona tiki moja imegeuka mbili. Baba mdogo alituma vitisho Ijumaa usiku, Jumamosi saa 5 asubuhi anaona tiki mbili. Anaamini Zaituni yuko hewani na amesoma au atasoma. Ataanza kufuta. Lakini kufuta kunaacha maneno ya kwamba ujumbe umefutwa, na kama Neema alishapiga skrinshoti, baba mdogo anamfuta nani?

Angalizo: kama Zaituni aliweka ulinzi wa PIN ya tarakimu 6 ndani ya WhatsApp na hakuna anayeijua, itabidi wasubiri siku 7 ndipo namba ifunguke. Hiyo nayo ni zawadi. Unapata saa ya ukutani inayohesabu siku ndani ya riwaya, na huhitaji bomu.

Sasa, Zaituni anawasilianaje na shangazi? Hapa waandishi wengi hukosea: wanampa laini mpya aweke kwenye simu ileile. Kila simu ina IMEI, tarakimu 15, na ya laini mbili ina IMEI mbili. Ukipiga *#06# utaziona, na zimeandikwa kwenye boksi la simu. Kubadilisha laini hakubadilishi IMEI. Polisi wakiiomba kampuni ya simu iangalie ile IMEI imeingizwa laini gani, wamempata. Kwa hiyo shangazi ampe kitochi cha mitumba cha Mtaa wa Aggrey, na simu yake kubwa izimwe kabisa.

Na laini ya kitochi imesajiliwa kwa nani? Weka kidokezo hiki: mama anapiga *106# kuangalia laini zilizosajiliwa kwa NIDA yake, anakuta moja asiyoijua. Kumbe siku alipomsajilia Zaituni kwa kijana wa mwamvuli barabarani, aliambiwa "kidole hakijasoma, weka tena". Msomaji wa Dar ataruka kwenye kiti, mchezo huo anaujua. Yule kijana aliiuza ile laini ya pili, na shangazi akainunua bila kujua imesajiliwa kwa nani. Hiyo bahati iweke wazi mapema kidogo, sura ya 5 au 6, maana bahati inayomsaidia mpelelezi mwishoni inachukiza.

Mnara wa simu: usiandike "wameona yuko nyumba namba fulani". Rekodi za mnara zinaonyesha simu iliunganishwa na mnara upi na upande upi wa mnara. Kariakoo minara imebanana, eneo linaweza kuwa mitaa michache. Kigamboni ya ndani ni kilomita kadhaa. Na pale Feri si ajabu simu iliyoko Kivukoni ikashika mnara wa ng'ambo, maji hayazuii. Rekodi ikisema "Kigamboni", mtu anaweza kuwa bado amesimama Magogoni anasubiri kivuko.

Familia haipewi rekodi hizo dukani. Wanaoziomba ni polisi kwa utaratibu wao, kwa kuwa taarifa za mteja zinalindwa na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, na tangu 2023 inatumika pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Usimwandikie Neema "kaka anayefanya kazi kampuni ya simu" anayevujisha kila kitu. Ni njia ya mkato, na inamnyima Neema kazi.

---

Bi Mwanaidi wa Mwanzo

Ndugu mwandishi, nijibu swali la pili na nigusie mirathi, kwa sababu rasimu yako imeitaja mirathi kama pambo wakati ndiyo injini.

Saa 24 ziondoe. Hakuna sheria inayomtaka mzazi asubiri siku nzima ndipo aripoti mtoto aliyepotea. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na Zaituni yumo. Ukitaka askari mzembe, mwache aseme maneno hayo kwa mdomo, halafu mwingine wa Dawati la Jinsia na Watoto, kituo hichohicho, amchukue mama na kuandika maelezo. Hapo umeonyesha kituo kilivyo, kuna watu wa aina zote.

Utaratibu unaoaminika ni huu. Mama anaenda kituoni na picha ya karibuni, nguo alizovaa mtoto, alama za mwilini, na boksi la simu kwa ajili ya IMEI. Anaandikishwa, anapewa namba ya RB, yaani ya daftari la taarifa la kituo. Hiyo RB ni karatasi ndogo lakini ndiyo itakayofungua milango: redio wakiombwa kutangaza wataiulizia, na kila akirudi kituoni ataulizwa namba. Faili linapewa mpelelezi, juu yake yuko OC-CID, mkuu wa upelelezi wa wilaya. Sambamba na hapo familia inakwenda kwa mwenyekiti na mtendaji wa mtaa, msikiti unatangaza baada ya swala, na ndugu wanagawana hospitali: Temeke, Amana, Mwananyamala, Muhimbili. Wanaanza wodini. Chumba cha maiti wanakiacha mwisho, na hakuna anayetaka kuwa wa kusema twende. Tukio hilo liandike taratibu, kwa sentensi fupi, na usimlaze maiti mwingine pale ili kumtisha msomaji. Mlango unatosha.

Kwenye orodha ya mambo ambayo polisi watauliza weka mahusiano na ujauzito, kwa sababu watauliza. Majirani pia watanong'ona. Hiyo ni njia ya uongo nzuri kwa msomaji, ila itumie kwa adabu. Kumbuka kumwoa au kumpa mimba mwanafunzi ni kosa la kifungo cha miaka 30 kwa marekebisho ya mwaka 2016 ya Sheria ya Elimu, kwa hiyo mvulana yeyote aliyewahi kuongozana na Zaituni atakimbia hata kama hana hatia. Mtu asiye na hatia anayekimbia kwa sababu inayoeleweka ni bora kuliko mshukiwa mwenye kovu usoni.

Sasa mirathi. Mahakama ya Mwanzo humteua msimamizi baada ya kuona cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha familia na Fomu Na. 1 ya maombi. Akiteuliwa anapewa Fomu Na. 4. Kisha ana miezi minne kuwasilisha orodha ya mali na madeni, ndiyo Fomu Na. 5; hesabu za Fomu Na. 6 hufuata kwa vipindi ambavyo mahakama itapanga. Tazama kalenda yako: baba amefariki Oktoba. Baba mdogo akiteuliwa katikati ya Desemba, miezi minne inaisha katikati ya Aprili. Zaituni anapotea Aprili. Umeshapata sababu ya kwa nini wiki ile na si nyingine, kabla hujaandika neno.

Ughushi wenyewe uweke kwenye muhtasari wa kikao, maana ndiyo karatasi ambayo familia huiandika yenyewe. Una majina ya waliohudhuria, orodha ya warithi, na sahihi. Ufanye hivi: shangazi ameandikwa alikuwepo na ameweka dole gumba. Lakini shangazi anajua kusoma na kuandika, Neema ameshamwona akijaza daftari la kikoba. Msomaji makini ataunganisha mwenyewe. Na kwenye Fomu Na. 5 kiwanja kimoja hakimo. Zaituni anajua kipo kwa kuwa alikuwa anakwenda na marehemu baba yake kukifyeka.

Jambo moja la hatari kwenye rasimu: shangazi. Polisi wanamtafuta mtoto, yeye anajua alipo na anawaambia hajui. Kumpa askari taarifa ya uongo kwa makusudi ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu. Usiliache hivihivi likapita kama wema. Mfanye ajue, aogope, na hatimaye yeye ndiye aende kwa afisa ustawi wa jamii. Huko ndiko alipaswa kuanzia, na msomaji wa miaka 15 mwenye shida kama ya Zaituni anahitaji kuliona hilo ndani ya hadithi. Namba 116 ni ya bure na ni ya watoto. Ibandike kwenye ukuta wa darasa sura ya kwanza, Neema aipige sura ya kumi na tano.

Msimamizi aliyedanganya haondolewi kwa kofi la mjomba kikaoni. Mrithi anaomba mahakama ileile itengue uteuzi. Mama anaweza kufanya hivyo kwa niaba ya bintiye.

---

Fundi Mita

Swali la tatu. LUKU.

Nyumba nyingi za Kigamboni mita iko ukutani nje au kwenye nguzo, kibodi ndio iko ndani. Mita ina taa ndogo nyekundu inayopepesa kila umeme unapotumika, na usoni pameandikwa inapepesa mara ngapi kwa yuniti moja. Tuseme imp/kWh 1000. Maana yake kila kupepesa ni wati-saa moja. Hesabu za kidato cha tatu hizo, fizikia wanaisoma.

Feni ya kusimama ni wati 60. Kwa mita ya 1000, taa inapepesa mara moja kila dakika moja kamili. Balbu ya LED ya wati 9 peke yake ni kila dakika 6 na sekunde 40, Neema atachoka kusubiri. Friji kompresa ikiwa inazunguka ni wati 100 hadi 150, yaani kila sekunde 24 hadi 36, halafu inakatika yenyewe, inakaa kimya, inarudi. Kwa mita ya 1600 feni ileile ni kila sekunde 37 na nusu, kwa hiyo amua mita yako ni ipi na usibadilishe katikati.

Neema asimame pale saa 8 mchana, Aprili, joto na unyevu, ajifanye anasubiri bodaboda. Ahesabu: sekunde 60, taa. Sekunde 60, taa. Mara kumi bila kukosa. Friji haiwezi kuwa sawasawa hivyo. Taa ya ulinzi inayowaka yenyewe haiwaki mchana. Ni feni, na feni haijiwashi kwenye nyumba yenye kufuli. Kisha, katikati ya kuhesabu, dakika inapita na taa haipepesi. Mtu amezima feni. Amemwona Neema.

Arudi usiku pia, kwa ajili ya kuondoa shaka. Usiku atakuta taa ya ulinzi imeongeza mzigo na hesabu imevurugika, ndiyo maana ya mchana ina uzito.

Matumizi: feni saa 10 kwa siku ni yuniti 0.6, balbu ukiiwasha saa 5 ni 0.045, na kuchaji kitochi hakuhesabiki. Yuniti 10 zinampeleka wiki mbili. Kwa T1, daraja la bei la matumizi ya kawaida, shilingi 5,000 inatoa yuniti 14 hivi. Lakini nyumba haijanunuliwa umeme muda mrefu! Kodi ya jengo ni 1,500 kwa mwezi na inakatwa humohumo kwenye LUKU, ukiruka miezi inalimbikizwa. Miezi mitano ni 7,500. Shangazi akituma elfu tano inaweza kuishia yote kwenye deni asipate kitu. Itabidi aongeze, na yeye hana. Anakwenda kukopa kwenye kikoba, Jumamosi, siku isiyo ya kikao. Nani anatunza daftari la kikoba? Mama yake Neema.

Na tokeni ni tarakimu 20. Shangazi atazituma kwa ujumbe kwenye kitochi, Zaituni aingize kwenye kibodi ndani. Akikosea moja mita inakataa. Ikitokea karatasi yenye tarakimu 20 zimeandikwa kwa mkono, nne nne, imedondoka kwenye mkoba wa shangazi, kila mtoto wa Dar ataijua ni nini bila kuelezwa. Kosa utakalofanya ni kuieleza.

---

Kalamu ya Tandika

Nimeshindwa kulala, asanteni sana. Kaka Fundi Mita, ile dakika taa isipopepesa nimeshaiandika usiku huuhuu.

Bado kandambili na swali la tano. Pia nimegundua tatizo la muda: bibi yake Zaituni anasema alimwona "usiku wa Ijumaa" akipita na begi. Neema anaamini ni Ijumaa ile ile aliyopotea, na hesabu zote zinagoma.

---

Mhariri wa Pwani

Hesabu hazigomi, bibi yuko sahihi. Kwa wazee wetu wa pwani usiku hutangulia mchana wake, usiku wa Ijumaa ni Alhamisi baada ya magharibi. Zaituni alipeleka begi la nguo kwa shangazi Alhamisi, siku moja kabla. Huo ndio ushahidi kwamba aliondoka kwa mpango, na umewekwa mbele ya msomaji tangu sura ya nne bila kufichwa. Usimpe bibi maelezo. Mpe Neema mtu mwingine akiongea vilevile katika jambo lisilohusu, kwa mfano kuhusu hitima ya jirani, na umwache ashtuke mwenyewe.

Kandambili. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kwa takriban dakika 50. Toka Ijumaa jioni hadi Jumapili asubuhi yamejaa mara tatu. Kitu chepesi kilichoachwa chini ya mstari wa mwani na takataka hakiwezi kubaki pale kimekaa vizuri. Kwa hiyo tukio lako, lilivyo sasa, ni kosa. Lakini usilitoe, ligeuze: Neema, au bora zaidi kijana wa mvuvi, anaona kwamba kandambili iko chini ya mstari wa mwani, haina mchanga ndani ya kamba, na nyayo zilizoizunguka bado zina kingo. Imewekwa pale asubuhi ileile. Nani anataka watu waamini Zaituni kazama?

Angalia mwezi pia. Ukiweka mwezi mwandamo au mwezi mpevu, ni bamvua, na kwa pwani yetu bamvua hujaa mnamo saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, hukauka mnamo saa 4. Ukisema saa 4 asubuhi ya bamvua maji yalikuwa yamejaa ufukweni, kila mtoto wa Kigamboni atajua hukufika.

Sasa swali la tano, ambalo ndilo kubwa. Usilifiche hadi mwisho. Ukifanya hivyo msomaji atahisi amelia bure na mama yake Zaituni, na atamchukia binti aliyemtesa mama kurasa 250. Kwa riwaya ya maneno 60,000, sura 30 za maneno 2,000, lifichue sura ya 17 au 18. Swali la kwanza lilikuwa "nani kamchukua?" Likijibiwa, lifuate baya zaidi mara moja: baba mdogo naye amejua alipo, na amejua kwa kumfuata Neema. Ile siku ya kuhesabu taa ya mita, bodaboda aliyekuwa ameegesha ng'ambo hakuwa anasubiri abiria. Neema ndiye aliyeleta hatari mlangoni. Hapo una sura 12 za mwisho zinazokimbia zenyewe.

Ili mama asionekane amesahauliwa, Zaituni lazima awe alijaribu. Laini Mbili ameshakupa kitu: usiku wa Jumamosi anawasha simu kubwa kwa dakika tano, kinyume na alivyoahidi, ampigie mama. Hakuna mtandao. Anadhani mama ameifunga namba kwa hasira. Mama anadhani bintiye hataki kumpigia. Wote wawili wanakosea kwa sababu moja, kilaini cha plastiki, na msomaji peke yake ndiye anayejua. Kitochi anacho, ndiyo, kwa hiyo lazima uzibe tundu hilo: salio lililomo ni la kubipu tu, halitoshi kuongea, shangazi ndiye anayempigia. Na kubipu je? Usiku ule kijaribu kubipu: namba ngeni inabipu simu ya mama saa 8 usiku, mama anapiga, anaikuta imezimwa kwa sababu chaji imeisha na umeme wa LUKU haujaingia bado. Namba ile ngeni ndiyo ileile atakayoiona kwenye *106#. Vidokezo vyako viwili vimeshikana.

Mpe Zaituni sauti kabla hajapatikana. Kurasa fupi za daftari lake, maneno 300 au 400, kila baada ya sura tatu, zisizo na tarehe. Msomaji atadhani ni za kabla ya kupotea. Ndani yake weka vitu vya wakati ule tu, feni, tarakimu nne nne, sauti ya king'ora cha kivuko. Binti anayetafutwa akikosa sauti anakuwa picha kwenye tangazo, na vijana hawaisomi riwaya kwa ajili ya picha.

Kabla hujaandika sura nyingine chora jedwali la safu nne: saa halisi, kilichotokea kweli, nani anakijua, msomaji anakijua sura ipi. Andika saa kwa Kiswahili na pembeni ya simu, saa 1:40 usiku ni 19:40. Mashahidi wako watasema ya kwanza, skrinshoti itaonyesha ya pili, na mhariri asiye makini atakuachia tofauti ya saa sita ukurasa wa 90. Kila kidokezo kionekane walau mara mbili kabla ya kutumika, mara ya kwanza kikiwa hakina maana yoyote.

Jambo la mwisho kwangu: Neema ana pesa kiasi gani? Akivaa sare analipa nauli ya mwanafunzi, shilingi 200. Akivua sare ili asijulikane, konda anamdai ya mtu mzima. Mwanzo mpe shilingi 3,000 na uzihesabu kila anapopanda gari. Mpelelezi wa miaka 16 hukwama kwa nauli kabla ya kukwama kwa risasi.

---

Mtu wa Magomeni

Nyongeza fupi. Umesema Aprili, ni masika. Mto Msimbazi ukijaa, barabara ya Morogoro pale Jangwani hufungwa na mabasi ya mwendokasi kutoka Kimara huishia Magomeni. Baba mdogo aseme Ijumaa ile saa 12 jioni alikuwa ndani ya mwendokasi kutoka Kimara hadi Kivukoni. Aseme kwa kujiamini, ataje na vituo: Ubungo, Shekilango, Manzese, Usalama. Mvua ya siku hiyo iwe imeshatajwa sura ya kwanza, mama yake Zaituni akianua nguo.

Chagua mwaka na ushikilie. Ukiiweka hadithi baada ya daraja jipya la Jangwani kukamilika, kidokezo hiki hakifanyi kazi.

Kwenye kivuko hakuna anayeandika jina la abiria wa miguu, kwa hiyo usitafute rekodi pale. Tafuta muuza karanga. Na mwezi huo jua linazama mnamo saa 12 na dakika ishirini, Zaituni akivuka saa 12 kamili uso wake bado unaonekana. Mvushe saa 1.